Mlaji wa Nyuma ya Gari

Alama za vidole zilikuwa darini, ndani ya gari, juu ya rafu za vyombo. Vidole vinne vya mafuta, vimeburuzwa kidogo, kama vya mtu aliyemaliza kula akakosa kitambaa. Bi Mwiko alipanda juu ya kreti, akaweka kiganja chake juu ya alama zile, akaona ncha za vidole vyake zinaishia katikati ya vile vingine. Akajiambia kwamba fundi aliyepiga rafu aliteleza mkono. Akafuta kwa maji ya sabuni, akashuka, akaendelea kupanga sufuria.

Mwenye kazi hana nafasi ya kuogopa doa. Bi Mwiko, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata akienda kuhani msiba mwisho wake hukutwa jikoni anakoroga, alikuwa amewapikia watu shughuli zao miaka mingi huku chakula kikisafiri kwenye magari ya kuazima. Mchuzi ulimwagika njiani, vumbi liliingia kwenye saladi, na mvua ikinyesha ilikuwa ni kukimbizana na maturubai. Sasa walikuwa na gari lao: jeupe, la mizigo, lisilo na madirisha nyuma, na paa lake refu kiasi kwamba mumewe, mtu aliyezoea kuinamia milango ya watu, alisimama humo wima akacheka peke yake. Aliyewauzia alilisifia lote akiwa nje. Hata walipomwomba awawashie taa ya ndani, aliwaelekeza kwa kidole, mguu wake haukugusa sakafu ya nyuma. Wao waliona ni uvivu tu.

Kazi waligawana. Mume aliendesha, Bi Mwiko alikaa mbele naye, na nyuma, juu ya kigoda katikati ya rafu, alikaa wifi yake, mdogo wa mumewe, mjane mpole aliyehamia kwao baada ya kufiwa. Yeye ndiye aliyeshikilia sufuria zisiyumbe kwenye kona.

Shughuli ya kwanza, wali ulifika na shimo. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, na fundo lilikuwa lile lile alilolifunga Bi Mwiko mwenyewe, lakini chini yake wali ulikuwa umechotwa kwa mkono hadi kwenye ukoko. Akausawazisha upesi kabla mtu hajaona. Shughuli iliyofuata ilikuwa zamu ya kuku. Mifupa ilikuwamo, imepangwa pembeni mwa sufuria, myeupe, kama imelambwa na paka mwenye subira. Na gari likaanza kunuka. Haukuwa uvundo. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetoka kula, ya joto, inayokupokea usoni ukifungua mlango.

"Wifi," mjane alimwambia siku moja wakiosha vyombo, kwa sauti ya chini, "kule nyuma sikai peke yangu."

"Unakaa na nani?"

"Sijui. Mimi hufumba macho. Namsikia anatafuna."

Bi Mwiko akaendelea kusugua sufuria. Ukweli ni kwamba hata yeye alishasikia. Walikuwa wamekwama kwenye foleni, injini imezimwa, na nyuma ya ukuta wa bati uliowatenga na mizigo mtu alikuwa akitafuna taratibu, bila wasiwasi, kama mgeni aliyekaribishwa. Alimtazama mumewe. Mumewe akawasha redio. Kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kusema, watu wazima na gari lao la kujivunia.

"Vyombo vinagongana," akamjibu wifi yake. "Tuvifunge vizuri zaidi."

Ikaja harusi. Mwenyeji alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima mtaani, anamwoza binti yake wa mwisho. Bi Mwiko alipika nyama ya kutosha na ya akiba juu yake. Walipofungua sufuria kubwa uani kwa mwalimu, ndani mlikuwa na mchuzi mtupu. Akapakua kwa kubana iliyobaki kwenye sufuria ndogo, kipande kimoja kimoja, akiomba Mungu, lakini nyama ikaisha watu wangali wamepanga mstari. Mama wa bibi harusi akaja hadi pale, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni, akamnong'oneza.

"Mama, wajomba wa bwana harusi wanatazama sahani za wali mtupu. Niwaambie nini?"

Aibu ilimpanda Bi Mwiko kuanzia nyayoni kama maji ya moto. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo waliacha kazi wakamgeukia. Walitaka jibu, na jibu lilikuwa limesimama karibu yake, limeshika taulo.

"Wifi, lete mkoba wako."

"Mkoba?"

"Ulikaa nyuma na nani zaidi ya sufuria? Lete."

Akaumwaga juu ya meza. Kitana, leso, picha ya marehemu iliyofunikwa kwa nailoni. Hapakuwa na nyama. Wanawake walikuwa wamesogea, na Bi Mwiko akaona kwamba akiishia hapo, lawama itamrudia yeye.

"Fungua mdomo."

Mjane alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa kando ya gari na funguo mkononi, anakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro. Basi akafungua mdomo. Mwanamke mzima, mbele za watu, kama mtoto anayekaguliwa meno. Bi Mwiko akainama akanusa, na alichokinusa ni njaa, ile harufu kavu ya tumbo ambalo halijatiwa kitu tangu asubuhi. Pale pale akajua. Na baada ya kujua, akasema:

"Umeshajisuuza."

Mjane akafunga mdomo. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akaanza na picha, akatoka kwa mlango wa uani. Jioni ile walikuta chumba chake kimefagiwa. Alikwenda kwa shangazi yao, ng'ambo ya mji, na hakuacha ujumbe.

Mume hakula usiku ule. "Hakuiba," alisema akiwa ameelekea ukutani.

"Kama ulijua, mbona ulinyamaza?"

"Na wewe?"

Bi Mwiko akazima taa.

Chakula cha kikao kimoja kilikuwa kimeshaahidiwa, kwa hiyo mara hii Bi Mwiko alipanda nyuma mwenyewe. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, lakini mlango ulipofungwa taa ikazimika na giza likawa la kisimani. Alikaa juu ya kigoda cha mwenzake, akashika mishikio ya sufuria. Gari likaondoka. Kwanza alisikia vyombo tu, halafu akasikia kimya katikati ya vyombo, halafu fundo la kitambaa likifunguliwa bila haraka, na alipotaka kumgongea mumewe ukutani mkono ukakataa, kwa kuwa mbele yake, kati ya rafu na rafu, kulikuwa na mtu aliyesimama, mweusi kuliko giza lenyewe, mrefu hata paa lile refu halikumtosha, kichwa kimelala begani kwa kubanwa na dari, mkono mmoja umeshuka ndani ya sufuria hadi kwenye kiwiko, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na ile pumzi ya joto ya mtu aliyeshiba ikimjia Bi Mwiko usoni, karibu, karibu zaidi, mpaka akaelewa kwamba yule mtu ameacha kula na anamwinamia, na kwamba ule weusi uliofunguka mbele ya pua yake ni kinywa, kimeachwa wazi makusudi, kinamsubiri anuse. Kikasema, kwa sauti ya Bi Mwiko mwenyewe, ile ile ya uani kwa mwalimu:

"Umeshajisuuza."

Mumewe alipofungua mlango alimkuta amejikunyata sakafuni, ameng'ata kanga yake. Chakula cha kikao hakikushushwa.

Walielekezwa kwa mwanamke mmoja aliyeuza ndala sokoni, ambaye watu walimwendea pia kwa mambo ya majini. Aliwasikiliza akiendelea kuzipanga ndala zake kwa jozi. Kisha alikwenda hadi kwenye gari, akachungulia nyuma, akarudi.

"Walafi hufukuzwa kwa ubani, si kazi kubwa," alisema. "Gari likikaa tupu miaka, hupata mpangaji. Lakini huyu hata nikimfukiza hatoki. Kwenu hana kosa."

"Hana kosa vipi, mama, na anatula?" mume akauliza.

"Mwizi mmeshampata nyinyi. Mlimtangaza mbele za watu. Huyu atakimbia nini?" Akamtazama Bi Mwiko. "Mrudishie wizi wake, mwanangu. Na si chumbani. Ni pale pale ulipomvisha mwenzako. Ukitaka kuficha kidogo, atabaki na hicho kidogo."

Kwa shangazi, mjane aliwapokea mlangoni. Hakuwakaribisha kukaa.

"Sikuja kukuomba urudi," Bi Mwiko alisema. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoroka. "Nakuomba uje usimame tu, nikuvue nilichokuvisha."

"Wifi, siku ile uliponinusa, ulinusa nini?"

Hata mumewe alimgeukia.

"Njaa," akasema.

Mjane alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo ambalo alitamani lisiwe kweli. Akachukua mtandio wake, akapanda gari, mbele.

Mama wa bibi harusi aliwaita wanawake wote waliokuwapo siku ile, nao walikuja bila kuchelewa, maana habari za aibu ya mtu hazina mvivu. Gari lilirudishwa nyuma hadi uani, milango ikaachwa wazi, ubani ukawashwa kwenye kigae. Bi Mwiko alisimama mahali pale pale. Alisema wifi yake hakuiba. Sauti ilikuwa ndogo, mmoja akasema hasikii, akarudia. Alisema chakula kililiwa na kitu kilichomo garini, naye alikisikia mapema akanyamaza. Mtu akacheka. Ndani ya gari nako kukasikika kicheko, na wanawake wakakumbatiana.

"Endelea," muuza ndala akamwambia.

Bi Mwiko akamtazama wifi yake. Kilichobaki hakuna aliyemtaka akiseme, na wengi wangeondoka wakimhurumia kama hangekisema.

"Nilimnusa mdomo," akasema. "Nikajua hajala. Nikasema uongo hivyo hivyo, ili mmtazame yeye na si mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama wa bibi harusi aliinamisha uso, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenziwe hajavaa. Ndipo gari, lililokuwa tupu, likatikisika, likainama upande wa milango, springi zikalia, kisha likapanda juu kwa nguvu, kama gari linavyoinuka abiria mzito akishuka. Moshi wa ubani ukagawanyika katikati, pumzi ya joto ikapita kati ya watu kuelekea mlango wa uani, na kila iliyempita alijifunika mdomo kwa mkono bila kujua kwa nini.

Tangu siku ile sufuria zilifika zimejaa. Mjane alirudi kazini, kwa kuwa kaka ni kaka na riziki ni riziki, na aliwaita wifi na kaka kama zamani, bila kisirani. Lakini chakula cha shughuli hakukionja tena. Hata chumvi ya mchuzi alimwita Bi Mwiko aje aonje mwenyewe. Bi Mwiko alimpakulia sahani kila kazi ilipokwisha, akimchagulia vipande vinono, akimwekea mikononi. Mjane alishukuru, akaifunika, akampelekea kaka yake kwenye usukani.

"Nitakula nyumbani, wifi."

Na nyumbani alikula. Alichukua kigoda chake akakitoa nje, akakaa kizingitini, ameelekea barabarani, sahani juu ya magoti, akitafuna polepole mahali ambapo kila apitaye angemwona.