Mezashamba ya Tusekile

Haya niliambiwa na Tusekile mwenyewe, wiki ile tulipokuwa tunachambua maharage mapya kwangu. Nayaandika kama alivyoyasema, na aliyasema kwa hasira.

Huko juu ya Tukuyu alikuwa na shamba la wageni. Watu walitoka mijini kuja kula chakula ambacho saa hiyo hiyo kilikuwa bado udongoni. Katikati alijenga mashine aliyoiita mezashamba: meza ndefu iliyopita kati ya migomba na matuta ya viazi, yenye mikono kumi na miwili ya chuma. Ukiomba ndizi, mkono mmoja unakata, wa pili unamenya, wa tatu unapitisha kwenye jiko-mwanga, jiko lisilo na moto. Hujamaliza kunawa, sahani iko mbele yako. Hakuna ghala, hakuna sufuria. Kisicholiwa kinarudi shambani papo hapo kuwa mbolea.

Jioni hiyo mgeni alikuwa mmoja tu, baba mkwe wake, Mzee Andongwisye. Mumewe Tusekile, Lugano, alikuwa kazini kwenye kituo cha mwezini, mwaka wa pili sasa. Mzee aliishi peke yake, macho yamefifia, na mara mbili alishajiunguza akipika. Tusekile alimbembeleza ahamie kwake mpaka akachoka.

"Nitakuja nile siku moja," mzee alikubali mwishowe. "Nikishiba, nitahamia. Nikilala njaa, uniache na nyumba yangu."

Basi akaja. Akanawa, akala vipande vinne vya ndizi, akakitazama kiazi, akafuta mdomo.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshiba."

Sasa nani asiyejua? Mtu hafakamii chakula kwa mkwe wake. Unasema umeshiba, unasihiwa, unakataa, unasihiwa tena, ndipo unakula kwelikweli. Lakini mashine haikulelewa na mtu. Mkono ulinyakua sahani, mwingine ukafuta meza, na kiazi kikafukiwa.

"We! Rudisha!" Tusekile alipiga kelele.

"Mgeni amesema ameshiba," meza ilijibu kwa upole. "Neno la mgeni haliulizwi mara ya pili."

Sheria hiyo aliiweka mwenyewe, baada ya mgeni wa mjini kulalamika kwamba amelazimishwa kula. Tusekile alikimbilia tuta la viazi achimbe kwa vidole. Mkono wa chuma ukamzuia. "Hakijaombwa na mwenye njaa."

"Baba, iambie una njaa. Maneno mawili tu!"

"Mimi? Niiambie meza ya mkwe wangu nina njaa?" Mzee alichukua fimbo yake. "Acha nikae barazani. Alfajiri nitaondoka."

Tusekile aliigeukia meza. Miaka sita ya kuibuni, na haiwezi kusihi! Halafu akakumbuka kwamba hata yeye hakuwa amekula.

"Nina njaa mimi," akasema. "Viazi, maharage, maziwa ya mgando. Vingi."

Sahani ikaja. Akaibeba kwa mikono yake hadi barazani, akapiga magoti.

"Baba, karibu ule."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Kula, baba."

"Nimeshiba, nakwambia."

"Mimi sitoki hapa. Magoti yangu yataota mizizi."

Mzee akacheka kidogo, akavuta sahani. Alikula taratibu mpaka akaikwangua.

"Chumvi imepungua," alisema. "Kesho nitatia mwenyewe."

Akaingia chumbani, na punde akawa anakoroma.

Tusekile alirudisha sahani mezani, tumbo linamnguruma. "Niletee na mimi."

"Umeshakula, Tusekile. Sahani moja kubwa. Tunza afya yako."

"Sijala! Nimempa baba!"

"Sahani imerudi tupu."

Aliupiga teke mguu wa meza, akaumia kidole. Akajikokota hadi kitandani, akajilaza kifudifudi kulibana tumbo, akaisonya mashine yake mpaka usingizi ukamchukua.