Baiskeli ya Bibi Haifunguliwi!

Sogeeni karibu, lakini polepole.
Msimguse mtoto huyu. Ana hasira!

Jina lake Subilaga. Anakaa Mbeya, kwenye nyumba yenye mlango mwembamba.
Leo asubuhi amevimba mashavu. Mdomo ameuchongoa. Hata chai hakunywa.

Kisa ni nini? Kisa ni baiskeli ya Bibi.

Si baiskeli ya kwendea sokoni. Hii haina matairi. Imesimama chumbani, haiendi popote.
Ni baiskeli ya mazoezi. Fundi wa dukani aliileta vipande vipande, akaifunga kwa nati humo humo chumbani.

Bibi aliteleza kwenye matope, akaumia goti.
Daktari akamwambia, "Mama, kila jioni uendeshe baiskeli. Goti lisije likaganda."

Basi kila jioni Bibi hupanda. Subilaga humshika mkono.
Kwiri, kwiri, kwiri! Pedali zinazunguka.

Bibi asipoendesha, goti linaganda kweli. Anatembea akishika ukuta. "Aah! Aah!"
Subilaga hapendi kuisikia hiyo "aah". Haipendi kabisa.

Leo wanahama. Mama anafunga vyombo. Bibi anakunja kanga.
Na Baba? Baba kashika spana.

"Baiskeli haipiti mlangoni," akasema Baba. "Naifungua. Tukifika kule, nitaifunga."
"Lini?" akauliza Subilaga.
"Kesho," akasema Baba.

Kesho! Hapo ndipo hasira zilipompanda.
Maana Subilaga anaijua kesho ya Baba.

Baba aliifungua feni. Akasema ataifunga kesho. Feni iko chini ya kitanda mpaka leo.
Baba aliifungua redio. Akasema ataifunga kesho. Redio iko kwenye mfuko, haisemi hata neno.

Sasa na baiskeli ya Bibi? Thubutu!

Subilaga akakimbia. Akaparamia baiskeli. Akakaa juu ya kiti, akakikamata kwa mikono miwili.
"Sishuki!" akasema.
"Sishuki, sishuki, sishuki ng'o!"

"Shuka, mama," akasema Baba. "Gari la mizigo limefika."
"Sishuki, sishuki, sishuki ng'o!"

Baba akaona isiwe taabu. Akaanza kufungua baiskeli, mtoto akiwa juu yake.

Krii, krii, krii! Usukani ukatoka.
Nati zikaingia kwenye ndoo. Ting! Ting!

Krii, krii, krii! Pedali ya kulia ikatoka. Ting!
Pedali ya kushoto ikagoma. Baba akazungusha huku, akazungusha kule, mpaka ikatoka. Wala hakuangalia ilitokea upande gani.

Mama akachungulia mlangoni. "Mwanangu, bado una hasira?"
"Ninazo! Tena nyingi!"

Krii, krii, krii! Gurudumu zito la ndani nalo likatoka. Puu!
"Unashuka sasa?" akauliza Baba.
"Sishuki, sishuki, sishuki ng'o!"

Sasa ilibaki nguzo moja ya chuma. Juu ya nguzo kuna kiti. Juu ya kiti kuna Subilaga, kanuna.

Baba akakichomoa kiti pamoja na mtu wake. Akavibeba vyote viwili mpaka nje.

Majirani wakacheka. "Jamani, mtoto na kiti chake!"
Wacheke tu. Subilaga hakucheka. Na mimi nisingecheka.

Halafu Baba akafanya jambo. Sikilizeni alichofanya.
Aliona ndoo ya nati bado ina nafasi. Akamimina humo nati za kitanda, maana nacho alikuwa amekifungua. Akamimina skrubu za feni. Akamimina na za redio.

"Zikae pamoja, zisipotee," akasema.
Zisipotee! Zote kwenye ndoo moja! Jamani, Baba!

Gari likaondoka. Subilaga alikaa mbele na Mama, kiti cha baiskeli kiko mapajani.
Mama akamwonyesha duka. Akamwonyesha mbuzi. Subilaga hakuangalia duka wala mbuzi.

Nyumba mpya ina sakafu nyekundu. Ina dirisha kubwa.
Subilaga hakuliona hilo dirisha. Aliingia chumba cha Bibi, akaweka kiti chake sakafuni, akakikalia.

Jioni ikafika. Ni saa ya Bibi kuendesha.
Bibi akainuka. "Aah!" Akashika ukuta. Hatua moja. "Aah!"

Subilaga akaisikia. Masikio yakamwaka moto.
"Baba! Funga baiskeli!"

"Nimechoka, mama," akasema Baba. "Nitaifunga kesho."
"Si kesho! Leo! Goti la Bibi linaganda leo!"

"Wewe Subilaga!" Mama akamkemea. "Unamfokea baba yako?"
"Mwacheni mke mwenzangu," akasema Bibi. Ndivyo anavyomtania mjukuu wake. "Anagombea goti langu huyo."

Baba akapumua kwa nguvu. Akavileta vipande vyote. Akaileta na ndoo.
Akachukua nati moja. Ndogo mno. Akachukua nyingine. Kubwa mno. Akachukua ya tatu. Kumbe ya kitanda!

Baba akatupa spana. Kala!
"Hii kazi haiwezekani!"
Sasa chumba kina watu wawili wenye hasira.

"Leteni ungo," akasema Bibi.
"Ungo?" akashangaa Baba. "Wa nini, mama?"

"Mchele ukiwa na mawe, huwa tunautupa?"
"Hapana."
"Tunaufanyaje?"
"Tunauchambua," akasema Subilaga. Alijibu kwa hasira, lakini alijibu.

Bibi akakaa mkekani, kanyoosha mguu. Ungo akauweka mapajani.
Baba akaimwaga ndoo. Chwaaa!

Bibi akachambua. Mama akachambua. Baba akachambua.
"Njoo utusaidie," akasema Baba.
"Sishuki!" akasema Subilaga. Lakini alijiburuta na kiti chake mpaka kwenye ungo. Buru, buru, buru.

Ndefu za kitanda, huku. Fupi za feni, kule. Zile nyembamba za redio, kwenye kikombe.
Ting. Ting. Ting.
Mwisho zikabaki nyeusi, nene nene.
"Hizi ndizo za baiskeli," akasema Subilaga. Bado alikuwa amekunja uso.

Krii, krii, krii! Gurudumu likaingia.
Krii, krii, krii! Usukani ukakaa.
Krii, krii, krii! Pedali ya kulia, tayari.

Ikaja pedali ya kushoto.
Baba akaizungusha. Haikushika. Akaizungusha tena. Haikushika. Akaisukuma kwa nguvu zote.
Puu! Ikamwangukia mguuni.

"Uwiii! Basi! Nimeshindwa! Kesho!"

Hapo Subilaga akasimama. Ndiyo, alisimama.
Akakiacha kiti. Akaenda mpaka mbele ya Baba.

"Baba, kwa nini kila kitu kesho? Feni kesho. Redio kesho. Goti la Bibi nalo kesho?"


Baba akakaa chini, kwenye sakafu nyekundu.

"Kwa sababu sijui," akasema.
"Hujui nini?"
"Kufungua najua. Kufunga sijui. Naona aibu kusema sijui. Ndiyo maana nasema kesho."

Hakuna aliyecheka. Mama hakucheka. Bibi hakucheka.
Subilaga akamtazama Baba. Alikuwa na hasira za kumtosha mpaka wiki ijayo. Lakini alimwona Baba kainamisha kichwa, akamhurumia.

"Mimi nilidhani hutaki," akasema.
"Nataka, mama. Nataka sana."
"Sasa si ungesema tu!"
"Nimesema sasa."

Subilaga akafikiri. Akajifuta pua kwa mkono.
"Haya. Hata mimi sijui. Tusijue wote wawili, tujaribu."

Akaiokota pedali. Akaishika, Baba naye akashika.
"Huku imekataa," akasema Subilaga. "Tuzungushe kule."
"Kule ni kulegeza, mama. Hakuna nati inayokazwa kule."
"Baba! Tujaribu!"

Wakajaribu.
Krii. Ikashika.
Krii, krii. Ikaingia.
Krii, krii, krii! Ikakazika, tii!

"Kumbe!" Baba akaruka. "Kumbe ya kushoto inakwenda kinyume!"
"Kumbe!" akasema Mama.
"Mnachelewesha goti," akasema Bibi.

Subilaga akakichukua kiti. Akakiweka juu ya nguzo yeye mwenyewe, Baba akakikaza.
Kisha akampa Bibi mkono. "Panda, Bibi."

Bibi akapanda.
Kwiri.
Kwiri, kwiri.
Kwiri, kwiri, kwiri!

Baba akachuchumaa karibu na Subilaga.
"Bado una hasira na mimi?"
Subilaga akajishika tumbo, akapima.
"Ninazo kidogo."
"Nisamehe, mama. Nilikukasirisha."
"Haya," akasema Subilaga. Zikapungua tena.

Bibi aliendesha mpaka jasho likamtoka puani. Halafu akashuka.
Wote wakasogea. Wakamwangalia.

Hatua moja. Hatua mbili. Hakushika ukuta.
Akafika kwenye godoro. Lilikuwa limetandikwa sakafuni, maana kitanda kilikuwa hakijafungwa. Bibi akalikunja goti, taratibu, taratibu, akakaa.
Hakusema "aah". Hakusema hata kidogo.

"Njoo ulale, mke mwenzangu," akasema Bibi. "Leo umefanya kazi ya watu wazima."

Subilaga akajipenyeza ubavuni kwa Bibi. Mama akawafunika. Baba akazima taa.

Subilaga akakumbuka kwamba alikuwa na hasira. Akazitafuta tumboni. Akazitafuta kifuani.
Akasinzia kabla hajaziona.