Kamba Iliyovutwa Ziwani

Jirani yetu huyu tulimwita Dada Mpimaji. Asubuhi ile, kama kawaida yake, alikaa ukingoni mwa gati la hoteli akateremsha kisahani chake cheusi na cheupe, kilichofungwa kamba. Kikishapotea machoni, anasoma alama kwenye kamba. Hapo ndipo anajua maji ni maangavu kiasi gani.

Zamani kilikuwa kinashuka weee, na bado unakiona. Siku hizi kinapotea kabla kamba haijalowa vizuri. Bosi wa hoteli aliagiza majani yote ya chini ya ziwa yang'olewe, eti yanawatekenya wageni wakiogelea. Dada Mpimaji alimwambia kwa kinywa kipana, "Hayo majani ndiyo yanayoshika tope. Ukiyang'oa, ziwa linachafuka." Akachekwa. Kazi ya kuyang'oa akapewa mdogo wake, mzamiaji. Kijana akazama kwenye tope lile, hakuibuka. Bosi akakataa katakata asitafutwe, wageni wasije wakatishika. Mama yao akaambiwa mwanawe katoroka na mwanamke.

Mwanamke gani, jamani! Dada Mpimaji hakuyaamini hata kidogo. Alichotaka ni mwili tu, mama apate pa kulilia.

Basi asubuhi ile, mara kamba ikavutwa. Tuk. Tuk. Ndivyo mdogo wake alivyozoea kumtania kutoka chini.

"Wee!" akapiga kelele.

Bosi akaja mbio, glasi ya maji mkononi. "Nyamaza! Wageni wanakula."

"Shika hii kamba," akamnong'oneza.

Akaishika. Ikavutwa. Tope likajitenga. Kisahani kikashuka. Kinaonekana. Kikashuka tena. Kinaonekana. Huko chini mdogo mtu alikuwa amepiga magoti, anapanda majani. Shina moja. Jingine. Akainua uso.

"Umemwona?"

Bosi akaiachia kamba. "Sijaona kitu mimi."

"Muongo mkubwa we!" Dada Mpimaji akamkunja shati. "Na hilo kwenye glasi yako, nalo hulioni?"

Ndani ya glasi lilisimama jani la ziwani, bichi, mizizi imeng'ang'ania kioo.

Mchana ule tukaita wazamiaji, wakamtoa kijana palepale, viganja vimejaa tope. Mama akazika. Bosi akahama bila kuaga.

Glasi ipo mpaka leo juu ya kaunta ya hoteli. Hakuna anayeitia maji, na haikauki. Jani linazidi kukua. Waliobaki pale hotelini wanalipita kwa mbali, na hakuna anayethubutu kuling'oa.