Kiti cha Nyuma

Rafiki yangu ni mhudumu wa ndege, na atakayeniambia tena kwamba siku ile alikuwa na uchovu tu, nitamvunjia heshima.

Ndege ilikuwa ikijikokota kuelekea njia ya kurukia. Yeye alikuwa ameketi kiti chake cha nyuma kabisa, amefunga mkanda, aliposikia chini ya miguu yake: ko, ko, ko. Akampigia kapteni simu.

“Dada, ni mizigo inacheza. Sema kabini iko tayari tuondoke.”

“Huku nyuma hatukupakia mzigo wowote, kapteni. Sisemi.”

Bila neno lake ndege hairuki. Kapteni akairudisha huku akifoka, abiria na wahudumu wengine wote wakateremshwa wakarudishwa ukumbini kwa basi. Kisha akaingia na rafiki yangu kwenye chumba cha mizigo. Kitupu, giza totoro mchana kweupe.

“Hicho kinachogonga kiko wapi sasa?” Kapteni akagonga dari kwa ngumi, mara tatu, kwa kejeli. “Ulisikia hivi?”

Juu ya dari ile ndipo kilipo kiti cha rafiki yangu. Huko juu hapakuwa na mtu.

Juu kukajibu ko, ko, ko. Halafu wote wawili wakasikia mkanda wa kiti ukifungwa.