Tundu Lililoziba Juu ya Paa

Kila Jumanne, kabla ya kwenda shule, Yareli alipanga mapipa matatu ya bluu mbele ya mlango na kusubiri boza la maji. Katika mtaa wao wa mlimani huko Iztapalapa, mashariki mwa Jiji la Mexico, bomba lilikuwa halijatoa hata tone tangu mwezi wa pili. Maji ya boza yalikuwa kwanza ya kunywa na kupikia. Yaliyooshewa vyombo yalitunzwa kwenye beseni ili yapigiwe deki, na yaliyopigiwa deki yakaishia chooni. Yareli alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alijua kuoga kwa makopo sita tu. Siku ya kuosha nywele aliruhusiwa tisa.

Mwaka huo mama yake, Ofelia, hakutaka tena kulitegemea boza peke yake. Alikuwa amejengesha tangi la zege chini ya ua wao mdogo. Bomba la plastiki lilianzia kwenye tundu la paa, likateremka ukutani hadi tangini, na katikati yake palikuwa na koki. Ukiigeuza kushoto, maji yalikwenda mtaroni. Ukiigeuza kulia, yaliingia tangini.

"Mvua mbili za mwanzo tutaziachia ziende mtaroni," mama alimweleza. "Hizo zinaosha paa. Kuanzia ya tatu tunakinga. Lakini paa lenyewe lifagiliwe kwanza, na lile tundu ulichokonoe mpaka liwe safi. Mimi Jumamosi niko kazini kwenye tanuri la mikate mpaka jioni, kwa hiyo kazi hiyo nakuachia wewe."

"Sawa, mama."

Paa lao lilikuwa la zege, bapa kama meza, na lilikuwa limechafuka kweli. Maua ya zambarau ya jakaranda yalikuwa yamedondoka kwa wiki nyingi yakakaukia pale. Canelo, mbwa wao, aliyeishi huko juu kama mbwa wengi wa mtaa ule, alikuwa amepukutisha manyoya kila pembe. Upepo nao ulikuwa umeleta mifuko ya plastiki.

Jumamosi saa nne Yareli alipanda ngazi na ufagio wake. Zege liliunguza hata kupitia ndala. Alikuwa amefagia kona moja tu aliposikia mbinja kutoka chini. Alikuwa rafiki yake Dafne, mpira wa voliboli kwapani.

"Tumepungukiwa mtu mmoja," Dafne alisema. "Unashuka, au tumchukue binamu yangu anayeogopa mpira?"

"Nina kazi. Mama kaniambia nisafishe kabla ya mvua."

"Mvua ipi? Hebu tazama juu, mwenzangu. Hata wingu la kusingizia hakuna."

Yareli alitazama. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. Akauegemeza ufagio ukutani, akajiambia atamalizia kesho, akashuka.

Jioni mama alirudi na unga kwenye nyusi na mkate mtamu ndani ya mfuko wa karatasi.

"Paa vipi?"

"Nimeshafagia."

"Na tundu?"

"Nalo pia."

Maneno yalitoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. Mama alimpa mkate wote, bila kuugawa. Yareli aliula polepole. Jumapili walikwenda kumtembelea shangazi. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa hesabu. Lile tundu likamtoka kichwani.

Jumatano saa kumi jioni wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa volkano. Yareli alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu vya shule. Alimwita Canelo ashuke, na mbwa alikuwa bado kwenye ngazi mawe ya barafu yalipoanza kudunda juu ya zege. Kisha mvua ikamwagika kwa wingi kiasi kwamba nyumba ya ng'ambo ya njia haikuonekana tena.

Bibi Tomasa, mama mzazi wa Ofelia, alikuwa amelala chumbani kwake. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliopita, na bila mtu wa kumshika hakuweza kusimama.

"Yareli," aliita kwa utulivu. "Njoo uone, mjukuu wangu. Nanyeshewa nikiwa kitandani."

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka pale dari linapokutana na ukuta. Godoro lilikuwa limeshalowa upande mmoja, na doa jeusi lilikuwa likitambaa kwenye dari juu ya kichwa cha bibi. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, nguo zimemganda mwilini. Walimwinua bibi, mmoja huku na mwingine kule, wakamkalisha jikoni kwenye kiti.

Mama alirudi chumbani akatazama dari. Ukuta ule ulipakana na nyumba ya Don Leocadio, yaani Bwana Leocadio, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akitoboa na kujenga ngazi ya kupandia ghorofa yake mpya.

"Ni yeye," mama alisema. "Ni yeye na tofali zake. Ametupasulia paa."

Alitoka nje kwenye mvua vile vile alivyokuwa. Yareli alimfuata. Don Leocadio alifungua mlango, taulo begani.

"Ofelia, vipi? Ingia, utapata homa."

"Siingii. Mama yangu kalowa kitandani kwa sababu ya ukuta wako. Nilikuambia usitoboe upande wetu."

"Sijagusa paa lako, jirani. Nimetoboa upande wangu tu. Umeangalia tundu la maji? Paa bapa likiziba linageuka bwawa."

"Tundu ni safi. Binti yangu amelisafisha Jumamosi."

"Una hakika?"

Mama alijinyoosha. "Don Leocadio, mwanangu hanidanganyi."

Yareli alihisi uso wake ukiwaka moto, ingawa maji ya baridi yalikuwa yakimtiririka mgongoni. Don Leocadio alimtazama mama, kisha akautazama ukuta wake mpya, ambao saruji yake ilikuwa bado mbichi.

"Basi," alisema akishusha pumzi, "kama tundu liko wazi, kosa litakuwa langu. Ngoja nichukue nyundo. Nitabomoa mistari miwili ya juu tuone ufa uko wapi."

Aliingia ndani akatoka na nyundo nzito. Wiki mbili nzima Yareli alikuwa amemwona akirudi kutoka kazini na kupandisha tofali moja moja mpaka giza linaingia. Sasa Don Leocadio alikuwa ameshaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi yake.

"Usibomoe," Yareli alisema.

Sauti yake ilimezwa na mvua. Akasema tena, kwa nguvu zaidi: "Usibomoe, Don Leocadio. Tundu limeziba. Sikulisafisha. Nilikwenda kucheza voliboli, halafu nikamwambia mama nimelisafisha."

Mama alimgeukia polepole, na yale macho, ambayo hayakuwa na hasira bali mshangao, ndiyo yaliyomuuma Yareli kuliko kofi lolote. Alikimbilia ngazi yao ya chuma. Alikuwa ameshaishika kwa mikono miwili Don Leocadio alipomdaka kiuno na kumshusha.

"Ngazi ya chuma, na radi hizi? Kwani unataka tukulilie leo? Simama hapa na mama yako."

Ngazi yake mpya ilikuwa imeshaezekwa, nayo ilikuwa na dirisha lililofungukia juu ya paa lao, hatua mbili tu kutoka kwenye tundu. Alipanda na upondo mrefu wa mbao, akautoa dirishani na kuanza kuchokonoa. Yareli na mama walisimama kwenye ngazi nyuma yake. Paa lote lilikuwa ziwa la maji ya zambarau, vipande vya barafu vikielea juu yake.

"Kushoto kidogo," Yareli alimwelekeza. "Karibu na ile ndoo ya maji ya Canelo."

Upondo ulizama. Don Leocadio aliuzungusha, akauvuta, ukaja na tope zito la maua, manyoya ya mbwa na mfuko wa plastiki. Aliusukuma tena. Palisikika mgugumio mzito, kisha maji yakaanza kuzunguka, yakashuka bombani na kufoka mtaroni. Ndani ya robo saa zege likaonekana. Kutoka jikoni bibi aliwaita kwa sauti: hakusikia tena maji yakitiririka chumbani.

Mama alivuta pumzi. "Don Leocadio, nimekukosea. Nimekuja kukutukana mlangoni kwako bila kuuliza kwanza."

"Ulimtetea mwanao. Ningefanya hivyo hivyo." Kisha akamtazama Yareli. "Na wewe umeniokolea ukuta wangu. Asante."

Yareli hakujua kama anastahili ile asante. Usiku ule bibi alilala kwenye kitanda cha Yareli, na Yareli akalala sakafuni.

Siku ya pili hakuna aliyemwambia afanye nini. Alitoka shule moja kwa moja, wakasaidiana na mama kuanika godoro juani, kisha akafagia paa kuanzia ukuta hadi ukuta. Alisugua tundu kwa brashi ya chupa, akaomba kipande cha wavu kwa Don Leocadio, naye akamwonyesha namna ya kukikunja kiwe kofia ya kuzuia takataka. Dafne alipopita akipiga mbinja, Yareli alimwambia apande amsaidie, na Dafne akapanda, akilalamika kila hatua. Tangu hapo, kila Jumamosi, mama aliuliza, "Paa vipi?" kisha akapanda mwenyewe kuangalia. Iliendelea hivyo kwa wiki sita. Jumamosi ya saba aliuliza tu, akasikia jibu, akaendelea kumenya viazi.

Waliiachia mvua ya pili nayo mtaroni. Ya tatu ilipoanza, mama alimwambia Yareli ageuze koki kulia, na wote watatu wakakaa jikoni wakisikiliza maji yakianguka ndani ya tangi.

Mwezi wa nane mvua ilikatika ghafla, kama inavyofanya miaka mingine katikati ya msimu. Jua lilirudi na ukali wake, na boza halikuonekana kwa siku kumi na mbili. Safari hii Yareli hakupanga mapipa. Alishusha ndoo tangini ikapanda imejaa, akachemsha maji ya kunywa, na jioni wakaunga mpira wa maji wenye koki kwenye pampu ya Don Leocadio, wakaupitisha juu ya ukuta kujaza mapipa yake.

Bibi Tomasa alikuwa amekaa uani akisikiliza maji yakipita mpirani.

"Bibi," Yareli alimuuliza, "bado una hasira na mimi kwa ile siku?"

"Sikuwa na hasira. Nilikuwa na baridi." Bibi alicheka kidogo, kisha akamshika mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mvua hatuwezi kuipangia siku, wala jua hatuwezi kuliomba lipungue. Mimi nimeyaona yote mawili yakimaliza watu. Tunachoweza ni kujiandaa mapema, kila mtu na kazi yake, tena kuifanya kweli, siyo kwa mdomo. Na ukiwa hujaifanya, sema. Siku ile uliposema tu, ndipo tukajua pa kuchokonoa."

"Nimekusikia, bibi."

"Haya, kafunge koki ya mpira. Nasikia mapipa ya jirani yanafurika."

Yareli alikimbia kwenda kufunga koki.