Jina Ambalo Halikuitwa

Asubuhi ile Kathembo aliita majina kumi na mawili, zikaitika sauti kumi na tatu.

Katika kiwanda cha kuchambua pamba nje ya Muhokya, mashine haiwashwi mpaka nyapara aite kila jina, la kwake likiwa la mwisho, na kila mtu ajibu "Niko". Meno yale ya chuma yameshakula vidole vingi. Sauti ya ziada ilitoka stoo ya marobota, ikaja na harufu ya samaki wa moshi.

"Nani iko nacheza?" Kathembo aliuliza.

Habibah, mshona magunia, aliweka sindano chini. "Hii sauti ni ya bwana yangu," alinong'ona.

Bwana yake, Umaru, aliuawa msimu uliopita ndani ya stoo hiyo hiyo. Wenyeji walikuwa wamegoma baada ya kupunguziwa mshahara. Tajiri mwenye kiwanda akaleta wavuvi kutoka Katunguru, Umaru akiwa mmoja wao, akawalipa hata chini ya hapo, kisha akawanong'oneza wenyeji kwamba wageni ndio waliowanyang'anya kazi. Watu waliokuwa wakinunuliana chai wakashikiana mapanga. Tajiri mwenyewe hakuguswa hata ukucha, na hilo linachoma moyo kuliko yote.

Habibah alibaki na faraja moja tu: Kathembo, rafiki wa mumewe, ndiye aliyemficha stoo akijaribu kumwokoa. Kwa hiyo kila mchana alimpakulia chakula yeye kwanza.

Sauti iliitika siku tatu mfululizo. Siku ya nne watu walikataa kazi, akaletwa Bibi Bushira, mganga wa Bwera, na chetezo chake.

Alifukiza ubani mlangoni pa stoo, lakini moshi haukupanda, ulishuka ukatambaa sakafuni, ukajipenyeza chini ya marobota, na harufu ya samaki ikazidi mpaka watu wakaziba pua, na robota la chini kabisa likaanza kupumua, taratibu, kama mtu aliyejificha anayejitahidi asisikike.

"Sema," Bushira aliamuru. "Nani alikuita?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya Umaru. Ilikuwa ya Kathembo, laini, ya siku ile.

"Umaru. Wale watu wameenda, ndugu yangu. Naita majina kama kila siku. Umaru?"

Kisha sauti ya Umaru, yenye imani yote: "Niko."

Kisha panga likiingia kwenye pamba, mara nyingi.

Kathembo alipiga magoti. "Habibah, marobota ilikuwa mengi, wale wa mapanga hawakujua Umaru iko wapi. Tajiri alisema nikisaidia kutoa wageni, nabaki nyapara."

"Aliitika sababu ni wewe," Habibah alisema polepole. "Na mimi nikakupikia mwaka muzima."

Hakuna maumivu aliyowahi kuyapata, hata siku ya mazishi, yaliyolingana na hayo.

Bushira alifunika chetezo. "Huyu siwezi kufukuza. Aliitwa, na aliyemwita iko hapa."

Habibah akachukua karatasi ya majina mkononi mwa Kathembo, akaanza kuita. Mmoja mmoja wakajibu. Akafika jina la mwisho.

"Kathembo."

Kathembo alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ndani ya stoo, sauti yake mwenyewe ikajibu: "Niko."

Na mashine, ambayo hakuna aliyeigusa, ikawaka.