Picha Isiyo na Mshono

Ukuta wa kaskazini wa ghala jipya la korosho pale Somanga uliporomoka Jumatatu asubuhi, ukamvunja mguu mlinzi, Mzee Tawakali. Kabla ya adhuhuri polisi walikuwa wameshampata wa kumtia mahabusu: Shamte, fundi aliyeujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Walisema alichanganya mchanga wa pwani, wenye chumvi.

Zuwena alifika kesho yake, roho mkononi. Yeye ndiye aliyepiga hesabu ya ukuta ule kwenye kompyuta na kutamka kwamba ungehimili. Kama Shamte ana hatia, basi hesabu ilidanganywa. Kama hana, basi Zuwena ndiye aliyemvunja mzee wa watu mguu.

Aliokota bonge la chokaa kwenye kifusi, akamega, akampa Inspekta Getrude.

"Onja, Afande."

Getrude alimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili, kisha akagusa kwa ulimi. "Mchanga hauna chumvi."

"Mchanga wa mtoni huu. Lakini chokaa bado mbichi, inafinyangika. Mvua haikuiacha ikomae. Vipi kuhusu lori la mawe la Bashiru? Nasikia liligonga ukuta."

"Lilikuwa Kiswere tangu Jumapili. Kijiji kizima kinashuhudia."

Wakaenda mahabusu. Shamte alikuwa amekaa sakafuni, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee Shamte."

"Marahaba, mwanangu. Mimi niliambiwa kipimo kimepita, nikapandisha. Ningejua ni mbichi ningesubiri. Nani anapenda ukuta wake uanguke?"

Zuwena alirudi na Getrude kwenye ofisi ndogo ya ujenzi, akafungua kompyuta.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Mhandisi wa mradi, Leonadi, alikata vipande vyembamba vya kila ukuta kwa msumeno, akavipiga picha na kumtumia. Katika picha, kila nukta ni jiwe, chokaa kavu, chokaa mbichi au tundu. Badala ya kuhangaika na nukta moja moja, programu huivunja picha nzima kuwa mawimbi, makubwa na madogo, hupiga hesabu humo, kisha huirudisha ikionyesha kwa rangi nyekundu wapi ukuta unaelemewa. Kazi ya usiku kucha huisha kabla chai haijapoa. Ila ina tabia moja: huichukulia picha kama kigae kilichorudiwa pande zote bila mwisho. Ukingo wa kulia hukutana na wa kushoto, na kwa kuwa matumbawe hayafanani, hapo hutokea mshono mwekundu wa uongo. Kila anayetumia njia hii huulalamikia mshono huo.

Picha ya kaskazini haikuwa nao. Mwezi uliopita Zuwena alifurahi, akaipitisha. Sasa akaikuza na kuikagua upya.

"Afande, tazama tundu hili, limejikunja kama korosho. Na hili. Na lile. Yako manne."

"Mawili yametazama kulia, mawili kushoto," alisema Getrude polepole. "Mengine yamepinduka juu chini."

"Mtu amechukua robo moja nzuri ya picha, akaigeuza kama kwenye kioo mara tatu, akaziunga zote nne. Ndiyo maana kingo zikashikana."

"Huenda Shamte alileta jiwe bandia."

"Jiwe haligeuki hivyo. Picha ndiyo inayogeuka."

Kwenye rafu kulikuwa na vipande vya kuta tatu. Cha kaskazini hakikuwepo. Katika kile cha mashariki, tundu lilelile la korosho lilikuwa limetulia mahali pake, moja tu.

Leonadi aliitwa kituoni alasiri, Shamte akatolewa mahabusu. Zuwena aliweka kipande cha mashariki mezani, na picha kando yake.

"Kaka Leonadi, kipande cha kaskazini kiko wapi?"

"Kilifukiwa na kifusi."

"Vipande vyote huwekwa ofisini. Wewe ndiye mpiga picha, hakuna mwingine. Ulikikata kweli?"

Leonadi aliketi.

"Mama alizidiwa, Kipatimu. Nilipanda kumwona, mvua ikakata barabara, nikakwama huko. Niliporudi korosho zilikuwa njiani, kila mtu ananiuliza kipimo. Kuta nyingine zilikuwa imara. Nikajua na huu utakuwa hivyohivyo, nikatumia picha ya mashariki."

"Na alipokamatwa huyu?" aliuliza Getrude.

"Nilifika mpaka mlango wa kituo, Afande. Nikaogopa, nikarudi."

Zuwena alimwonea huruma, na hasira haikumwisha. Getrude alichukua pingu. Leonadi alimgeukia fundi.

"Shikamoo, Mzee Shamte."

Shamte alivaa kandambili zake taratibu, akaelekea mlangoni, akasimama hapo akiwa amewapa mgongo.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Mama anaendeleaje?"